Koti la Bwana Harusi

Watu wa mtaani walikuwa wakimtolea ndimi, na hawakuwa na dharau yoyote. Akishuka ngazi asubuhi kwenda kazini, mama wa nyumba ya chini hufungua mlango, akafungua na kinywa: "Aaa! Dokta, hebu nitazame, tangu jana koo linaniwasha." Naye Dokta, ambaye sayansi aliiacha shuleni akiwa na alama tisa kwa mia, huinama, akatazama ulimi wa jirani, akakunja uso kama alivyofundishwa kukunja, akasema, "Kunywa maji ya vuguvugu, mama. Halafu upumzike." Wengi walipona. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha.

Alikuwa mwigizaji katika tamthilia ile inayoonyeshwa siku tano kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu jioni. Sanaa haikumwita. Kilichomwita ni koti. Miaka mitatu nyuma alikuwa kibarua wa mtu anayekodisha viti, na siku moja alitumwa kupeleka viti arobaini studio. Asubuhi hiyo hiyo mwigizaji aliyekuwa daktari alikuwa amegombana na wakubwa, akaondoka bila kwaheri. Koti lake jeupe lilibaki limetundikwa ukutani, mabega mapana, mikono mirefu. Mwongozaji alilitazama koti, akamtazama mpeleka viti.

"Wewe. Hebu vaa hili."

Likamkaa kama ngozi.

"Sema: Tumefanya tulichoweza."

Akasema, kiti kingali mkononi. Watazamaji waliambiwa daktari wao aliungua motoni, akatengenezewa uso mpya, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini na sauti imeungua. Kuanzia siku ile hakubeba kiti tena. Kwa miaka mitatu alitoka kwenye milango ya vyumba vya upasuaji visivyo na chochote ndani ila ndoo na ngazi, akawaambia wajane, watoto na matajiri kwamba wamefanya walichoweza.

Mtu mmoja tu mtaa mzima hakumtolea ulimi. Huyo alikuwa binti aliyeuza katika duka la dawa pale kwenye kona, msichana mwembamba mwenye kalamu sikioni.

"Wewe ndiye Dokta?"

"Ndiye mimi," alijibu, akitoa lile tabasamu lake la saa kumi na mbili na nusu.

"Juzi ulimpa mgonjwa wa moyo vidonge vya minyoo. Kikopo nilikiona kwa macho yangu."

"Vilikuwa vya kuigiza tu, dada."

"Cha kuigiza ni minyoo au moyo?"

Tangu siku hiyo akawa hapiti pale bila kuumwa kitu. Leo kichwa, kesho mgongo. Binti alimuuzia dawa ya kichwa mara tatu, ya nne akamwambia, "Kaka, sema unachotaka, vidonge vinaisha." Akasema. Baada ya mwaka mmoja wakawa wachumba, posa ikapokelewa, na kilichobaki ni mchungaji kutangaza ndoa yao kanisani Jumapili tatu mfululizo kama ilivyo kawaida, ili mwenye pingamizi alitoe.

Sasa, hapo katikati ndipo tamthilia ilipoingiza mguu.

Katika tamthilia Dokta alitakiwa kumuoa binti wa tajiri. Mwongozaji alitaka kanisa la kweli lenye madirisha ya vioo vya rangi, na kanisa la akina Dokta lilikuwa nayo. Wakaomba, wakaruhusiwa. Siku ya kurekodi akaletwa mwigizaji wa kuwa mchungaji, lakini joho alilokodishiwa lilimfika magotini, akawa kama baba aliyevaa shati la mtoto wake. Mchungaji mwenyewe alikuwepo pale, amekuja kulinda zulia lake lisikanyagwe na viatu. Mwongozaji akaliona joho lake.

"Mchungaji, tuazime joho, saa moja tu."

"Joho hili halivaliwi na mtu mwingine."

"Basi livae wewe, usimame pale mbele."

Mchungaji alifikiri kwa muda. Alikuwa mtu mnyoofu, wa kusoma kabla ya kutia sahihi. "Nitasimama," alisema. "Lakini nitasoma kitabu changu kama kilivyo. Neno la Mungu silisomi kwa mzaha."

"Hasa!" Mwongozaji akapiga makofi. "Ndivyo tunavyotaka!"

Na Dokta naye akapewa somo lake. "Ukiulizwa kama unakubali, usijibu upesi. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, ndipo useme ndiyo. Acha mama zetu majumbani washike vifua."

Walirekodi kutwa nzima. Dokta alihesabu moja mbili tatu mpaka akaota hesabu, na kufika jioni alichokumbuka ni viatu tu, maana vilikuwa vimembana.

Tamthilia hurekodiwa miezi mitatu kabla ya kuonyeshwa. Harusi ile ikaonyeshwa Ijumaa, na tangazo la kwanza la ndoa yake ya kweli likaangukia Jumapili iliyofuata, siku mbili baadaye. Kama angekaa akapanga, asingeweza kupanga vibaya zaidi.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Mchungaji akavaa miwani, akasoma jina la Dokta alilobatizwa nalo, ambalo wengi walikuwa wameshalisahau, akasoma la mchumba wake, kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hilo ni swali ambalo watu hulijibu kwa kukohoa. Lakini kwenye benchi la mbele kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa hapo tangu kanisa lilipojengwa. Akasimama.

"Mchungaji, huyu ana mke!"

Watu wakageuka.

"Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu. Nimelia mimi mpaka kitambaa kikalowa. Na aliyewafungisha ni wewe mwenyewe!"

Kanisa likacheka, kuanzia kwaya mpaka mlangoni. Dokta naye akacheka, huku akitazama huku na huku kama mtu aliyezoea kupigwa picha. Aliyebaki bila kucheka ni Mchungaji.

"Bibi amesema jambo lililoninyima raha miezi mitatu," alisema polepole. "Mimi sijui kuigiza. Nilivaa joho langu, nilishika kitabu changu, niliuliza maneno yale yale ninayowauliza ninyi. Nikajibiwa ndiyo. Tena mbele ya madhabahu. Kama yale hayakuwa maneno, basi ndoa zenu humu ndani zimefungwa kwa kitu gani?"

Kicheko kikakatika. Wanandoa waliokuwa kwenye mabenchi wakatazamana.

Jioni wakakutana sebuleni kwa baba wa mchumba. Mzee huyu maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa mizani: huingia dukani, huweka mawe yake ya shaba, na mwenye mizani ya uongo hufungiwa duka. Hata kitini alikaa katikati kabisa, asiegemee upande wowote.

"Mimi sielewi mambo ya runinga," alisema. "Kitu kwangu ama kinatimia kilo, ama hakitimii. Je, kijana ameoa au hajaoa?"

"Baba, ile ni kazi tu," Dokta alijibu.

"Mchungaji naye alikuwa kazini."

Mchungaji akainamisha kichwa. "Sitaki kumwonea mtoto wa watu. Lakini sitasoma tangazo la tatu mpaka nijue nilifanya nini siku ile. Dhamiri inanisumbua."

"Tena kuna barua pale mezani," mzee akaendelea. "Mwajiri wa binti anataka kumhamishia duka lao la mji mwingine. Tumesema atajibu Jumatatu, baada ya tangazo la tatu. Tangazo likisomwa, atakataa. Lisiposomwa, atafunga sanduku. Na wewe utatueleza kwamba umefanya ulichoweza."

Mama yake Dokta, mjane aliyemlea peke yake, alikuwa amekaa pembeni. Alipofungua mdomo, afadhali angeunyamazisha. "Na kusema kweli, yule mkwe wangu wa kwenye runinga ni msichana mpole. Kila sehemu ananiamkia. 'Shikamoo mama, umelalaje mama?'"

"Mama! Anamwamkia yule mama mwingine, mama yangu wa mle ndani!"

"Basi angalau mama yako wa mle ndani anaamkiwa."

Mchumba akamsindikiza mpaka mlangoni. Hakuwa amekasirika, na hilo lilimtia Dokta hofu zaidi.

"Niambie jambo moja tu. Ulisema ndiyo, au hukusema?"

"Nilisema, lakini..."

"Ulikuwa unamtazama nani?"

"Kamera."

"Na siku yangu mimi utamtazama nani?"

Swali lilikuwa jepesi, jibu alikuwa nalo. Lakini miaka mitatu ya kazi haikumwacha mzima. Akanyamaza kidogo, kwa uzuri, kidevu juu. Moja, mbili... Alipofika tatu mlango ulikuwa umefungwa.

Kesho yake akamkimbilia mwongozaji, akamkuta na furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Umesikia? Nchi nzima inauliza kama mmeoana kweli! Watazamaji wameongezeka hatujapata kuona. Usikanushe. Hata kidogo!"

"Bosi, nakosa mke."

"Unaye mmoja, mzuri, anakusubiri chumba cha kujipamba."

"Naomba unionyeshe picha za siku ile, zote. Nataka nijue nilisema nini na nani."

"Picha ni mali ya kampuni. Njoo msimu ukiisha."

Msimu ulikuwa umebakiza miezi mitano. Akaenda chumba cha kujipamba. Bibi harusi wake alikuwa amekaa na vibanio kichwani, anakula ndizi.

"Mume wangu! Mbona hukurudi nyumbani?"

"Dada, acha utani, nimekwama."

Aliposikia kisa chote aliangua kicheko mpaka vibanio vikadondoka, kisha akamhurumia. Alikuwa na moyo mzuri. Akampigia Mchungaji simu papo hapo, akamwambia kwamba yeye alikuwa anadanganya, hakukubali chochote wala hampendi Dokta hata kidogo, maana huyo anakoroma kwenye viti vya kupumzikia. Mchungaji akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole, "Binti yangu, kama ulidanganya mbele ya madhabahu, kwenye simu nitakuaminije?"

Tangazo la pili likasomwa kwa sauti ya chini, na bibi wa benchi la mbele akaguna wakati wote. Ikabaki wiki moja.

Studio pale kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekaa siku zote kwenye kigoda nyuma ya kamera, ameshika daftari. Walimwita Mama Daftari. Kwa kuwa tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio, leo mwisho, kesho mwanzo, kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu: glasi ilikuwa mkono gani, kifungo kipi kilikuwa wazi, nani alisimama wapi, ili vipande vikiunganishwa visigombane. Haongei sana. Watu humkumbuka wanapokosea. Alhamisi alimkuta Dokta amekaa peke yake kwenye kitanda cha wagonjwa, amevaa koti jeupe, kichwa mikononi.

"Unaumwa wapi, Dokta?"

Akamweleza. Mama Daftari akasikiliza huku akilamba kidole na kufunua kurasa kurudi nyuma, nyuma, nyuma.

"Harusi, harusi... Hii hapa." Akasoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nini, mama?"

"Mwanangu, ndiyo yako uliisema mbele ya ufagio."

"Ufagio?"

"Ufagio uliofungwa shela, ili ujue pa kutazama. Bibi harusi alikuwa amekwenda kula."

Dokta akasimama. "Ufagio ule nilidhani ulikuwa wa siku ya mazishi ya mjomba!"

"Siku ya mazishi ulikuwa mwavuli."

Katika mwaka mmoja wa tamthilia alikuwa ameposa, amezika, amekubali na kukataa mara nyingi kiasi kwamba vyote vilikuwa vimechanganyika kichwani kama nguo kwenye beseni. Akaukamata mkono wa yule mama.

"Mama yangu, niazime daftari hilo. Bosi akijua..."

"Picha ni za kampuni," alisema Mama Daftari, akifunga daftari. "Daftari nalinunua mwenyewe. Na siliazimi. Nitakuja nalo."

Jumapili ya tatu watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Hata wasiosali walikuja. Mama Daftari aliingia amejitanda kitenge, akapita katikati bila haraka, akasalimia wakubwa, akasimama mbele. Mchungaji akampa ruhusa. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya nguo za dobi.

"Saa tatu asubuhi, jua liko dirisha la kushoto. Mchungaji anawatangaza mume na mke. Mara mbili, ya kwanza alikohoa."

"Saa tatu?" Mchungaji akashtuka. "Si ndiyo ilikuwa mwisho?"

"Tulianza na mwisho, Mchungaji, kwa sababu ya jua. Naendelea. Saa nne, pete. Bibi harusi hayupo, anasukwa. Kidole kilichovishwa pete ni cha mshonaji wetu wa nguo, picha inaonyesha mkono tu. Saa tano, wote wawili pamoja. Mara ya kwanza bwana harusi amesahau maneno. Mara ya pili bibi harusi amecheka kabla hajajibu. Mara ya tatu taa imepasuka kabla hajaulizwa mtu. Saa saba, Dokta anasema ndiyo, mara nne. Bibi harusi amekwenda kula. Mahali pake, ufagio."

Minong'ono ikapita kanisani kama upepo. Mama yake Dokta akajifunika uso kwa mtandio, haijulikani analia au anacheka.

"Saa tisa, bibi harusi anasema ndiyo, mara moja, safi. Dokta amekwenda kula. Koti la bwana harusi limevaliwa na fundi wa taa. Linaonekana bega la kulia."

Fundi wa taa alikuwa amekaa benchi la nne na mke wake na watoto wao wanne. Alikuwa amekuja kutazama ya wenzake, hana hili wala lile. Mke wake akageuka kumtazama, taratibu sana.

"Wewe," akamwambia, "ulisema nini?"

"Mimi? Nilisema wasogeze taa kushoto!"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Mchungaji peke yake alibaki ameshika mimbari. "Lakini mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale, nikiuliza. Nisingeona ufagio?"

Mama Daftari akatazama daftari, akasita kidogo kwa heshima. "Imeandikwa hapa, baba. 'Mchungaji avue miwani, inang'aa.' Ulivua asubuhi, ukavaa jioni."

Mchungaji akaigusa miwani yake. Ndiyo, alikumbuka. Maneno ya kitabu aliyajua kichwani, na kutwa nzima aliona kitu cheupe na kitu cheusi, akavibariki.

Hapo akasimama mzee mkaguzi wa mizani, akakohoa. "Kwa hiyo, ndiyo ya huyu iko upande mmoja na ufagio. Ndiyo ya yule iko upande mwingine na koti. Na tangazo la mume na mke lilitoka kabla ya zote mbili." Akapima hewa kwa viganja vyake viwili. "Haitimii kilo."

"Haitimii," Mchungaji alikubali, na mara ya kwanza kwa miezi mitatu akashusha pumzi. "Mungu anisamehe kwa kubariki ufagio." Akasoma tangazo la tatu kwa sauti kubwa. Pingamizi halikutoka. Bibi wa benchi la mbele alibaki akitingisha kichwa, akimwambia jirani yake kwamba na yeye machozi yake arudishiwe.

Barua ya uhamisho ikajibiwa Jumatatu: hapana, asante. Mwongozaji alipopata habari hakumfukuza mtu. Alikaa, akafikiri, akamwagiza mwandishi wake atafute namna ya kuingiza ufagio kwenye tamthilia.

Ilibaki harusi yenyewe. Studio walijitolea kumwazima Dokta lile koti la bwana harusi, lililomkaa vizuri kuliko yote. Mchumba akasema koti hilo limeshaoa vya kutosha. Akaazimwa la baba mkwe, lile la kukagulia mizani. Likawa fupi mikononi, likabana kwapani, kifungo cha chini kikakataa kabisa. Lilikuwa koti la kwanza maishani mwake ambalo halikumtosha, na alilivaa mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kumwachia fundi wa taa.

Mchungaji alivaa miwani. Aliifuta mara mbili. Akawasogelea karibu kabisa, akamtazama bwana harusi usoni, akamtazama bibi harusi usoni, kisha akatazama sakafuni kuhakikisha wote wana miguu. Ndipo akauliza.

"Je, unakubali?"

Jua lilikuwa limeingia dirisha la kushoto, zuri kweli. Dokta akahisi kidevu chake kikinyanyuka chenyewe, macho yakaanza kutafuta pale juu ya mlango ambapo kamera ingekuwa. Moja. Mama yake akashika kifua. Mbili.

Bibi harusi akamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kwa mapenzi. Alimkanyaga kwa kisigino.

"Ndiyo!" alipiga kelele Dokta, akimtazama yeye, machozi yakimlenga. "Ndiyo, nakubali!"

Nyuma kabisa, Mama Daftari alikuwa amekaa amekunja mikono. Safari hii hakuja na daftari. Jirani yake, yule bibi wa benchi la mbele aliyesogea nyuma kumpisha mama wa bwana harusi, akamwinamia sikioni.

"Vizuri," alinong'ona. "Lakini ile ya Ijumaa aliisema vizuri zaidi."